Kidhibiti Mwendo cha Mashine ya Kupasulia Mbao: Chagua kwa Ampea

SWALI: Mashine yangu ya kuhamishika ya kupasua magogo ni ya msumeno wa mkanda. Injini ya petroli inazungusha msumeno, na mota ya DC ya volti 24, wati 250, inasukuma kichwa cha mashine kwenye reli. Kidhibiti mwendo cha ampea 20 kimeungua mara mbili, na mara zote mbili kichwa kilikimbia mbele kwa kasi yote. Ninunue kipi?

JIBU: Ukigawa wati 250 kwa volti 24 unapata ampea 10 na kitu. Mota hupoteza sehemu ya umeme kwa joto, kwa hiyo ikiwa kazini huvuta kama 13 hadi 15. Kwa hesabu hiyo ampea 20 zinaonekana kutosha, lakini kidhibiti hakiungui kwenye kazi ya kawaida. Kinaungua pale meno yanapogonga fundo, kichwa kikakwama, na mota ikasimama huku umeme bado unaingia. Mota iliyozuiwa kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Isitoshe, vidhibiti vingi vya bei rahisi huandikwa ampea za kilele, zile vinazoweza kustahimili kwa sekunde chache tu.

Chukua chenye ampea 40 za kazi endelevu, na kiwe na kikomo cha mkondo unachoweza kukirekebisha. Anzia ampea 25. Kichwa kikikwama, kidhibiti kitapunguza nguvu chenyewe badala ya kuungua. Karibu na betri weka fyuzi ya ampea 30. Kazi yake ni kulinda waya, usiitegemee kulinda kidhibiti. Kama unarudisha kichwa kwa kugeuza mota, isimame kwanza kabisa ndipo ugeuze. Kugeuza ikiwa bado inazunguka kunapiga kidhibiti sawasawa na kukwama, tena mara nyingi kwa siku.

Kichwa kukimbia ndilo jambo la hatari zaidi. Transista za ndani (swichi za kielektroniki za kidhibiti) zinapoungua, mara nyingi hubaki zimeungana, na volti zote 24 zinakwenda kwenye mota moja kwa moja. Fyuzi haikatiki, kwa kuwa ampea ni za kawaida. Hata ukirudisha kitufe cha mwendo (kile unachozungusha kupanga kasi) kwenye sifuri, hakitasaidia kitu. Kwa hiyo lazima pawe na swichi nyekundu ya dharura inayokata umeme wenyewe kwa relei ya DC (swichi inayovutwa na umeme), kabla haujafika kwenye kidhibiti. Kagua pia nyaya 3 za kitufe cha mwendo. Ule wa upande wa sifuri ukikatika kwa mtikisiko, vidhibiti vingi husoma kasi ya mwisho. Nunua kinachozima mota kikiona waya wa kitufe umekatika.

Na waya usiwe mwembamba. Kwa betri iliyo mita 5 kutoka kwenye mota, waya wa milimita 1.5 za mraba unapoteza kama volti 1.7 kwa ampea 15, na karibu 5 mota inapovuta ampea 40. Ule wa milimita 6 unapoteza chini ya nusu volti kwa ampea hizo 15.

SWALI: Nikikata taratibu ili nisiumize msumeno, unga unaotoka ni laini sana na meno yanaisha makali upesi. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu meno yanasugua, hayakati. Chukua msumeno unaokwenda mita 25 kwa sekunde, wenye meno yaliyoachana milimita 22. Kila sekunde yanapita meno zaidi ya 1,100. Kichwa kikisogea mita 10 kwa dakika, kila jino linamega kama sehemu 15 za mia za milimita. Kikisogea mita 3, linamega chini ya sehemu 5, na kwenye mti mgumu huo ni msuguano na joto. Ndiyo maana kidhibiti kizuri ni kile kinacholinda kasi uliyoiweka hata mzigo ukiongezeka. Kile kinachoacha kichwa kinyong'onyee katikati ya gogo kinakuharibia msumeno.

SWALI: Nataka kuzungusha msumeno kwa mota ya fezi tatu, lakini nina umeme wa fezi moja wa volti 230. Inveta, kile kifaa cha kutoa fezi tatu kutokana na fezi moja na kupanga kasi ya mota, itafaa?

JIBU: Soma kibao cha mota kwanza, kabla hujatoa hela. Ikiandikwa volti 230/400, ifunge delta (koili za mota zikiunganishwa kwa pembetatu), na inveta ya volti 230 itaipa nguvu zake zote. Ikiandikwa 400/690, kama zilivyo nyingi za kilowati 4 kwenda juu, inveta hiyo haiwezi kutoa volti 400. Mota itashika nguvu yake ya kuzungusha hadi hezi (mapigo ya umeme kwa sekunde, yanayopanga kasi ya mota) 28 au 29 tu, na juu ya hapo italegea.

Linganisha ampea za mota na ampea za kutoa za inveta, wala usiridhike na kilowati. Inveta iliyoundwa kupokea fezi tatu, ukiilisha fezi moja, inahitaji kuwa karibu mara mbili ya mota, na kitabu chake kiwe kinaruhusu jambo hilo. Magurudumu ya msumeno ni mazito: ukiamuru mota isimame kwa sekunde 3, umeme unarudi kwenye inveta nayo inajizima kwa volti kuzidi. Weka sekunde 20 hadi 30, au funga rizista ya breki, inayogeuza umeme huo kuwa joto. Usikate umeme kati ya inveta na mota wakati mota inazunguka.

SWALI: Dima ya taa je, inaweza kupunguza kasi ya mota?

JIBU: Hapana. Mota ya fezi moja yenye kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) itanguruma, itapata joto na kuungua.

SWALI: Nimefungia inveta ndani ya boksi lisilopitisha vumbi, sasa inajizima kila saa.

JIBU: Inveta ya kilowati 7.5 inatoa joto la wati 200 hivi, na ndani ya boksi halina pa kwenda. Toboa mgongo wa boksi, mapezi ya kupozea yatokeze nje, zungushia mpira kuziba vumbi, na uyapulizie hewa kila jioni. Kabla ya kufungua, zima umeme na usubiri dakika 10: kapasita za ndani hubaki na volti za kuua.