Kabla hujafunga tranka: kwa njuka, yaani wanafunzi wapya, wanaokuja kulala bweni Dodoma

Fomu ya kujiunga itakuambia uje na ndoo mbili. Njoo nazo, ila moja iwe na mfuniko unaobana, na zote ziwe na jina kabla hujapanda basi. Maka peni haifai, inafutika wiki ya kwanza. Sisi tulichoma majina kwa msumari uliotiwa moto; wenye mikono mizuri waliandika kwa rangi ya kucha. Ndoo isiyo na jina ni ya bweni zima.

Nimelala bweni mkoani Dodoma tangu fomu wani hadi fomu siksi, mwaka wa mwisho nikiwa kiranja wa bweni. Kwa hiyo sheria nimezivunja, na baadaye nimewaandika majina waliozivunja. Zile za kwenye karatasi hazina shida: kuamka kwa kengele, kutandika, deki, prepo ya kujisomea usiku, taa kuzimwa, hakuna simu, hakuna kutoka bila ruhusa. Utazisaini mbele ya mzazi na utazizoea. Zinazowatoa machozi njuka ni zile ambazo hazijaandikwa popote, na nyingi ni za maji.

Elewa kwanza unakokuja. Mvua za Dodoma huanza mwezi wa kumi na mbili hivi, na Aprili ikiisha nazo zimeaga. Zaidi ya nusu ya mwaka ni vumbi na upepo. Jiji lenyewe limetegemea visima vya Makutupora kwa miaka mingi. Shule za pembezoni huwa na kisima chao, na pampu ikifa, imekufa. Halafu maji ya visima vingi yana chumvi. Wewe unayetoka Bukoba au Tukuyu utasugua sabuni ya mche mpaka mkono uume, povu hulioni, na kwenye beseni unabaki utando wa kijivu. Shati jeupe litafika likizo lina rangi ya chai ya maziwa. Mashati fulia sabuni ya unga, hiyo inavumilia maji ya chumvi. Mvua ikinyesha, toa ndoo, beseni, hata sufuria, panga chini ya bati. Siku hiyo hata wavivu wanafua.

Sasa foleni. Saa kumi na nusu alfajiri utasikia ndoo zinaburuzwa kwenye sakafu, giza bado. Bombani wanaopanga foleni si watu, ni ndoo. Mtu anaweka yake, anarudi kulala. Ukikuta iliyo mbele ya yako mwenyewe hayupo na zamu imefika, unaijaza ya kwake kwanza, unaiweka pembeni, ndipo unakinga yako. Kuiruka ndoo ya aliyelala ni kosa kubwa kuliko kumjibu kiranja. Hakuna mwalimu aliyetunga sheria hii, na sijawahi kuona mwalimu akiisimamia, lakini anayeivunja hujikuta hana wa kukaa naye bwaloni.

Mimi nilikosea vibaya zaidi. Ilikuwa Mei, niko fomu wani, nimetoka prepo miguu imejaa vumbi. Chini ya kitanda cha jirani kulikuwa na ndoo ndogo ya lita kumi, imefunikwa kanga. Nikachota kikombe, kikawa viwili. Nikanawa miguu, nikaona na uso nao una vumbi. Mpaka naridhika, maji yalikuwa chini ya nusu. Ndoo ilikuwa ya dada wa fomu siksi, na asubuhi iliyofuata alikuwa anaanza mtihani wa taifa. Alfajiri bomba halikutoa hata tone. Akafunua kanga, akatazama, akauliza mara moja tu: "Nani kanawia maji yangu?" Nikajifunika shuka. Akaenda bafuni na yaliyobaki, akarudi, akavaa, akaenda kwenye chumba cha mtihani bila neno.

Jioni nilishindwa kula, nikaenda kujitaja kwa kiranja. Sikuchapwa wala kutukanwa. Niliambiwa nimchotee dada yule maji kila alfajiri mpaka amalize karatasi zake zote. Alikuwa wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na wa PCB wana karatasi nyingi. Tangu hapo hata maji ya kupigia mswaki naomba.

Kandambili, pasi, sindano, kanga, vyote ni hivyohivyo. Omba, na jibu likiwa hapana, usinune. Kitanda cha chini cha deka nacho kina mwenyewe. Usikifanye benchi kwa kuwa wewe unalala juu.

Tranka lipate kufuli la maana, ufunguo mmoja shingoni na wa akiba kwa matroni. Hela nayo mpe matroni. Vyakula fuata shule yako inavyosema, na hata wakiruhusu, karanga za kufungasha zinaita panya kabla hazijaita marafiki. Na mama wa jikoni akiwa Mgogo, msalimie "mbukwenyi" kwa heshima. Sisemi zaidi, ila wenzangu walikuwa wakishangaa ukoko nilikuwa naupataje.

Kunguni, watu wanaona aibu kuwataja. Usiku wa kwanza, kabla ya kutandaza godoro, pitisha tochi kwenye maungio ya kitanda, pale chuma kinapokutana na chuma, na kwenye mishono ya godoro. Ukiona vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, hapo wapo. Mwambie matroni usiku huohuo. Kunguni haangalii mtu msafi au mchafu. Anayeficha kwa aibu ndiye anayewasambaza. Jumamosi mnatoa vitanda nje, mnamwagia maji ya moto kwenye maungio, magodoro yanashinda juani. Jua la Dodoma angalau kwa hilo linatufaa.

Pedi njoo nazo za miezi kadhaa, na zilizotumika zisiingie chooni hata siku moja. Choo kikiziba mahali penye shida ya maji, mnateseka bweni zima. Uliza kichomea taka kiko wapi siku ya kwanza, usisubiri mpaka uhitaji.

Nilipokuwa kiranja, mambo mengine nililegeza. Aliyechelewa kutandika nilimfumbia macho. Moto, hapana. Mshumaa chini ya blanketi, hita ya koili ndani ya ndoo, waya uliochunwa na kuchomekwa ukutani, nilipeleka jina bila kuangalia urafiki, na nilichukiwa. Agosti 2009 wasichana 12 wa sekondari ya Idodi, Iringa, walikufa bweni lao lilipoungua usiku. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hata hujapanga nguo, hesabu milango. Jaribu upi unafunguka na upi ni pambo. Tranka lisikae njiani. Usiku, kwenye moshi, wenzako watalikanyaga na kuanguka.

Kuhusu kuonewa. Utatumwa, kubali. Kumletea dada wa fomu foo beseni hakukupunguzii kitu, na siku ukiumwa huyo ndiye atakayekushika mkono kwenda zahanati. Ila kufua nguo zake za ndani, kulala chini umwachie godoro, au kupigwa, hayo si malezi. Jua hili: kwa kanuni za serikali hata mwalimu hachapi anavyotaka. Ni kwa idhini ya mkuu wa shule, havizidi viboko 4, na msichana huchapwa na mwalimu wa kike kama yupo. Mwanafunzi mwenzako hana ruhusa ya hata kimoja. Ikitokea, nenda kwa matroni, akikupuuza nenda kwa mwalimu wa malezi, akikupuuza na huyo subiri siku ya wazazi useme mbele ya mama. Utaitwa mmbeya kama wiki mbili. Zinapita.

Nyie wa fomu faivu mnaoripoti Julai, najua mmeambiwa Dodoma ni joto. Ni joto mchana. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Julai usiku unapenya kwenye nyavu za madirisha ya bweni kama hazipo. Kila mwaka nilikuwa naona watoto wa Dar na Tanga wamejikunja na shuka moja, meno yanagongana. Sweta na blanketi zito viweke juu kabisa kwenye tranka, kwa sababu utavitafuta taa zikiwa zimeshazimwa.