Nilikuwa mhazini wa kanisa Busia: hivi ndivyo nilivyoelewa kwa nini watu wanaendelea kutoa

Ndugu uliyeuliza kwa nini waumini hawaachi kutoa sadaka hata wakijua kiongozi anaila, kisha ukajijibu mwenyewe kwamba "ni ujinga tu": nivumilie nikujibu kwa kirefu, maana neno hilo limenichoma. Nilikuwa mhazini wa kanisa la walokole hapa Busia, upande wa Uganda, kwa miaka sita. Ibada yetu ilikuwa ya Kiswahili kwa sababu ya mchanganyiko wa mpakani: Wasamia, Wateso, Waluo kutoka ng'ambo, Wakongomani waliokuja na biashara zao. Jina la kanisa nitaliacha.

Kila Jumapili baada ya ibada tulimwaga vikapu mezani, shilingi za Uganda huku, za Kenya kule, kwa sababu hapa mtu hutoa pesa aliyouzia. Nyingi zilikuwa noti za elfu moja na elfu mbili. Ukishika pesa za watu muda mrefu unaanza kuzijua wenyewe. Kulikuwa na noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne ikawa ndogo kama kidonge, ikinuka dagaa, hii tunayoiita mukene. Sikuhitaji kuuliza ya nani. Kuna mama mjane anayeleta mukene kutoka Majanji, pesa yake huifunga kwenye pembe ya leso, na kikapu kikimfikia hufungua kile kifundo taratibu, bila kumtazama mtu. Nimeikunjua noti ile Jumapili nyingi mno.

Sasa wizi wenyewe. Tulikuwa na mfuko wa ujenzi. Mchungaji aliniletea risiti tatu za simenti, ya Machi, ya Mei na ya Julai, kila moja mifuko 40 kwa shilingi 32,000 mfuko. Nilipozibandika kwenye daftari ndipo nikaona namba zake zinafuatana, moja baada ya nyingine bila pengo. Duka la vifaa vya ujenzi lenye wateja kutwa nzima lilikaa miezi minne bila kumwandikia mtu mwingine risiti hata moja? Nikaenda kwa fundi. Fundi ana kidaftari chake cha kuandika vitu vinavyoshuka saiti, na humo mlikuwa na mifuko 45. Ina maana mifuko 75 haikuwahi kufika, na hiyo ni shilingi milioni mbili na laki nne. Nilikaa kwenye rundo la mchanga pale saiti nikazihesabu zile pesa kwa noti za elfu tano zilizokunjwa mara nne. Ni noti 480. Nililia, sioni aibu kusema.

Nilimwendea mchungaji usiku, peke yangu, kwa heshima, kama Mathayo 18 inavyoelekeza. Hakukana. Aliniambia pesa ikishafika madhabahuni haiulizwi tena. Nikapeleka kwa wazee wa kanisa. Mmoja wao, mtu mzima ninayemheshimu mpaka leo, akanionya nisimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Wiki mbili hazikuisha nikaondolewa kwenye watia saini wa akaunti, na ikatangazwa mimbarini kwamba nimepumzishwa. Busia ni ndogo. Kufikia Jumapili iliyofuata kila mtu alikuwa ameshajua. Nilikaa benchi la nyuma nikatazama kikapu kikipita, na watu wakatoa, na mama wa mukene akafungua kifundo chake.

Nilimfuata sokoni siku ya pili. Nikamwuliza, mama, habari za simenti umezisikia?

"Nimesikia, Baba Neema."

Na bado unatoa?

Aliendelea kupepeta dagaa zake kwanza. Kisha akasema, "Mume wangu alipokufa Tororo, maiti ililetwa na nani? Jeneza lilinunuliwa na nani? Nilipolazwa na presha, waliokuja na uji ni akina nani? Wewe mwenyewe ulikuja. Mimi simpi mchungaji, nampa Mungu. Akila, ataulizwa na aliyempa kazi."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli niliupeleka ule uji. Nchi yetu haina bima ya afya ya taifa. Mchuuzi wa soko hana pensheni wala bosi wa kumkopesha siku ya msiba. Kanisa ndilo linalomfanya ajulikane: akikosa Jumapili mbili mtu atabisha hodi. Elfu tano yake inanunua hilo, na inanunua jingine kubwa zaidi, kwamba mjane anayenuka dagaa anasimama mbele ya Mungu akiwa na cha kutoa, sawa na mwenye lori. Ukimwambia aache kutoa, kwake ni kama umemwambia ajitoe kwenye orodha ya watu. Mwizi analijua hili vizuri kuliko sisi tunaolalamika. Anaiba akiwa amejificha nyuma ya wema wa watu wengine wote mle ndani.

Najua mtataja Kanungu, kule kusini-magharibi mwa Uganda. Tuitaje basi, maana ni yetu. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea huko ndani ya kanisa la Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, baada ya wengi kuuza ng'ombe na viwanja na kuwakabidhi viongozi kila kitu. Mmoja wa viongozi hao alikuwa padri aliyesoma mpaka Marekani, kwa hiyo hoja ya ujinga inapwaya hapo hapo. Kinachonitisha mimi ni kitu kingine: waumini wale walikuwa wamekatazwa kuongea, wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono. Mtu hawezi kuuliza mali yake iko wapi kwa ishara za mikono. Kwetu hakuna aliyetukataza kusema, ila ukiuliza risiti unaambiwa una roho ya uasi, na matokeo yake mdomo unafunga vile vile.

Wala hili si la walokole peke yao. Jirani yangu Mwislamu amechoka na mvutano wa mali za Baraza Kuu la Waislamu. Kuuzwa kwa baadhi ya mali hizo ni miongoni mwa yaliyowagawa watu kati ya kambi mbili za uongozi wa Waislamu, Old Kampala na Kibuli. Ijumaa bado anatoa sadaka yake. Wakatoliki nao, Januari 2020 Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga wa Kampala alipendekeza serikali ikate fungu la kumi kwenye mishahara, akitaja mfano wa Ujerumani. Watu walipiga kelele, tena wengine ni waumini wazuri kabisa. Mtu anayetoa kwa hiari kila Jumapili alikataa kukatwa. Mjinga hapambanui hivyo.

Serikali iliandaa rasimu ya sera ya kusimamia mashirika ya dini, wakati ule Simon Lokodo ndiye waziri wa maadili, na wachungaji wengi wakaipinga. Mimi sina imani kubwa na dawa ya kutoka Kampala. Dawa naiona kwa hawa hawa akina mama. Wale wanawake wa kanisani kwetu wana kikundi cha akiba, na kasha lao la chuma lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, kasha liko kwa wa nne, na halifunguliwi mpaka wanachama wameketi na pesa imehesabiwa kwa sauti. Hakuna anayemwambia mwenzake ana roho ya uasi kwa kudai ufunguo. Kisha Jumapili wanawake hao hao wanatumbukiza pesa kwenye kikapu kisicho na kufuli hata moja.

Maandiko yenyewe yako upande wa kufuli. Soma 2 Wakorintho sura ya 8: Paulo anapeleka mchango Yerusalemu, na haubebi peke yake. Anamtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, na anatoa sababu waziwazi, kwamba hataki mtu awe na la kuwalaumu juu ya pesa hiyo. Kama Paulo alikubali kusimamiwa, mchungaji wangu ni nani?

Kosa langu, ambalo nalijutia, ni kwamba nilipeleka zile risiti kwa mchungaji na kwa wazee, nisizipeleke kwa waliotoa. Miaka sita nimekunjua noti za yule mama, na sikuwahi kumsomea hesabu hata siku moja.

Mwaka jana aliniita nyumbani kwake. Yeye na wenzake kumi na wanne wametenga mfuko wa misiba na wagonjwa, haupiti ofisini kwa mchungaji, wakaniomba niwachoree daftari: tarehe, jina, kiasi, sahihi ya mtoaji. Tulikaa mpaka giza. Kila pesa ikiingia inasomwa kwa sauti. Yeye ameshika ufunguo mmoja, ameufunga kwenye pembe ile ile ya leso. Na kikapu cha Jumapili kikimfikia bado anafungua kifundo, anausogeza ufunguo pembeni kwa kidole, anatoa noti yake.