Re: Bimkubwa kwenda mahafali ya dogo Uingereza, aanzie wapi?

Mkuu kama mahafali ni mwezi wa saba anza sasa hivi, anaomba viza ya matembezi ya kawaida kwa mtandao, mapema kabisa ni miezi 3 kabla ya safari, kisha anaenda kuchukuliwa alama za vidole, majibu mara nyingi wiki 3 hivi.

Kinachoangusha watu ni benki. Mama yangu alivyokuwa anaenda kwa sista, mashangazi walimchangia milioni 8 ikaingia akaunti siku moja, tukajiona wajanja kweli, akanyimwa, barua inasema hela haieleweki imetoka wapi. Tukarudia na leseni ya duka lake la khanga Kariakoo, hati ya nyumba Mbagala, barua ya sista kwamba atamlaza kwake, miamala ya miezi 6 ya kawaida tu ya mauzo, ikatoka.

Halafu dogo abuku tiketi za ukumbini mapema, vyuo vingi vinatoa mbili tu kwa mhitimu. Na sweta abebe, julai ya kule si ya Dar. Vigelegele ruksa, wangu alipiga wazungu wote wakageuka.