Mikono ya mwanangu ni ya baridi kila nikimshika: nimwongeze nguo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miezi 5. Baridi imeanza kukaza na kila nikimshika mikono naikuta ya baridi kama maji ya mtungi. Usiku namvalisha fulana, sweta mbili, suruali ya sufu, soksi jozi mbili na kofia, kisha namfunika blanketi mbili. Mikono haipati joto hata hivyo, na siku hizi anashtuka usiku analia, shingo imelowa, ana na vipele. Mama mkwe anasema baridi imeshamwingia kifuani, nimpake mafuta ya kuchua na nimwongeze nguo kabla hajapata kichomi. Niongeze ipi?

JIBU: Marahaba, mama. Usiongeze hata moja. Punguza, na uanze na kofia, usiku huuhuu.

Kila msimu wa baridi naletewa swali hili mpaka nalijua kwa moyo, na halikosi kuanzia mikononi. Sijui nani alitufundisha kupima joto la mtoto kwenye viganja. Mwili ukihisi hewa imepoa hubana mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki ndani, kwenye moyo na ubongo. Kwa mtoto wa miezi michache mzunguko huo haujakomaa, hivyo viganja na nyayo hupoa, pengine hata hupiga rangi ya zambarau kidogo, na mtoto yuko salama kabisa. (Ikiwa ni midomo au ulimi uliogeuka rangi hiyo, acha kusoma, mpeleke hospitali sasa hivi.)

Joto la mtoto linapimwa nyuma ya shingo, chini ya ukosi wa nguo, au kifuani. Pasha mkono wako kwanza, maana mkono wa baridi hudanganya. Ukikuta pana uvuguvugu na pakavu, yuko sawa. Pakiwa pa baridi, mwongeze nguo moja. Pakiwa pa moto au pana jasho, mvue. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba shingo imelowa na vipele vimetoka. Hivyo ni vipele vya joto, mama. Mtoto wako anaungua na joto, na hana namna ya kukwambia ila kulia.

Juzi nililetewa mtoto wa miezi 7 kwa malalamiko ya homa. Tulimvua mezani, mimi na muuguzi, nguo moja moja: blanketi, jaketi, sweta, sweta nyingine, shati la mikono mirefu, fulana. Fulana ilikuwa imegandamana na mgongo kwa jasho. Kipimajoto kilisoma 37.9. Tukamwacha na nguo moja kavu mapajani kwa mama yake, na baada ya nusu saa kikasoma 37.1. Kama kingebaki juu ningeitafuta homa yenyewe, na kwa mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye nyuzi 38 nisingesubiri hata hiyo nusu saa. Mama yake alikuwa tayari amempa dawa ya homa mara mbili, kisha akazidi kumfunika ili atoe jasho. Hilo la kumtoa jasho mtoto mwenye homa naomba tulizike, kwa kuwa linampandisha joto ambalo mwili wake unahangaika kulishusha.

Kuhusu kofia. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kulinganisha na mwili wake: ngozi yake ni karibu asilimia 18 ya ngozi yote, kwa mtu mzima ni kama 9. Ndiyo maana nje, penye upepo, kofia inamfaa sana. Lakini ndani, akiwa amelala na mwili wote umefunikwa, kichwa na uso ndilo dirisha pekee lililobaki la kutolea joto, nawe umelifunga. Tena kofia huteleza ikaziba pua. Joto la kupita kiasi limo miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini, pamoja na kulazwa kifudifudi na moshi wa sigara. Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 zilianza kampeni za kuwahimiza wazazi walaze watoto chali, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hayo hayakuletwa na dawa wala mashine. Ni namna ya kumlaza tu.

Basi mlaze hivi: chali, kichwa wazi, nguo sawa na zile zinazokutosha wewe ukiwa umekaa kimya katika chumba hicho, jumlisha moja. Blanketi moja jepesi, lisivuke kwapa, kingo zichomekwe chini ya godoro. Chumba chenye nyuzi 16 hadi 20 kinatosha, ingawa wengi tungekiona cha baridi. Na tafadhali, moto wa mkaa usiingie chumba anacholala mtu. Sumu yake haina harufu.

Jasho lina ubaya mwingine ambao watu hawaufikirii. Nguo iliyolowa hupitisha joto kwa kasi kuliko iliyo kavu, kwa hiyo mtoto aliyerundikiwa sweta, akatoka jasho, kisha akatolewa kwenye upepo, hupoa upesi kuliko mwenzake aliyevaa kiasi. Ukitoka naye mvalishe nguo nyepesi kadhaa zinazovulika, ya ndani iwe kavu, ya juu izuie upepo, na mkiingia ndani zivue hata kama amelala. Shali shingoni hapana, inaweza kumkaba. Kwenye kiti cha gari mvue jaketi nene kabla ya kumfunga mkanda, mfunike juu ya mkanda. Jaketi likibonyea katika ajali mkanda unabaki umelegea.

Walio tofauti ni watoto njiti na waliozaliwa na uzito mdogo. Hao kweli hupoa haraka, na wakishuka chini ya 36.5 ni jambo la kushughulikia hapo hapo, kwanza kwa kuwaweka ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama. Mwanao hayumo humo.

Sasa kichomi. Kichomi huletwa na vijidudu, bakteria na virusi. Huenea zaidi msimu huu kwa sababu tunajifungia ndani pamoja tukikoholeana. Hakuna baridi inayokaa kifuani ikingoja kuchuliwa. Lakini hiyo ndiyo biashara ya wauza mafuta: kila anayepiga chafya ameingiwa na baridi, na kila aliyeingiwa na baridi ana kichupa chake. Vingi vina kafuri na mentholi. Kafuri ikimezwa, hata kidogo, inaweza kumtia mtoto degedege, na mentholi puani mwa mtoto mchanga inaweza kumkatiza pumzi. Nimewahi kumpokea mtoto aliyepakwa mpaka ndani ya pua, macho yakimchuruzika. Mama yake alikuwa ameambiwa na muuzaji kwamba machozi hayo ni baridi inatoka. Mtoto wa chini ya miaka 2 usimpake vitu hivyo. Mweleze mama mkwe kwa heshima, na ukishindwa mwambie daktari kakataza.

Ukihofia kifua cha mwanao, mfunue nguo akiwa ametulia, utazame tumbo na kifua vikipanda na kushuka, na uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa. Kwa umri wake, 50 au zaidi ni nyingi mno. Zikifika hapo, au ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila akivuta pumzi, au amegoma kunyonya, nenda hospitali, hata kama ni usiku wa manane.