Wafadhili, anzeni na mshahara wa mhariri

Kwa miaka kumi na mmoja nilifanya kazi katika redio ya jamii hapa Tanga, mitano ya mwisho nikiwa meneja wa kituo, na katika kipindi hicho nilitia saini mikataba tisa ya ufadhili kutoka nje ya nchi. Miwili kati yake ilikiacha kituo kikiwa imara kuliko ilivyokikuta. Saba iliyobaki ilituachia vyeti vya semina, fulana, na bango moja ambalo mpaka leo linaziba dirisha la stoo. Ninaandika haya kwa ajili ya maofisa miradi wa mashirika yanayotaka kusaidia vyombo huru vya habari, na pia kwa mameneja wenzangu ambao husaini kwanza na kusoma mkataba baadaye, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kulipia kila kitu isipokuwa kazi yenyewe. Mradi mmoja wa miezi minane uliruhusu semina, ukumbi, chakula, mshauri kutoka Dar es Salaam na uchapishaji wa vipeperushi, lakini ulikataza mshahara, umeme na matengenezo ya mtambo wa kurushia matangazo, ingawa chumvi ya bahari ilikuwa inaula mnara wetu mbele ya macho ya kila mgeni. Posho ya siku moja ya semina ilizidi alichopata mwandishi wetu wa kujitolea kwa wiki mbili. Ilipofika wiki ya semina, chumba cha habari kilibaki na mtu mmoja, madiwani wakakaa kujadili ushuru wa masoko, na hatukuwa na mwandishi ukumbini. Somo la siku hiyo hotelini lilikuwa namna ya kuripoti bajeti ya halmashauri.

Linganisheni na mkataba mwingine, wa miaka mitatu, ambao ulilipa mishahara ya watu wanne bila kuuliza kila mmoja anatengeneza kipindi gani. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania, simu zetu zilijaa sauti za WhatsApp za watu wasiojulikana, wengine wakitaja hadi saa ambayo bahari ingefika barabarani. Jumamosi ya tarehe 4 tulikuwa na watu wawili studio tangu alfajiri. Kazi yao haikuwa ya ajabu: kusoma kila taarifa mpya ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kuwapigia viongozi wa wavuvi, na kueleza kwa upole kwa nini sauti fulani haikuwa ya kuaminiwa. Hakuna andiko la mradi lililokuwa limetaja kimbunga. Watu wale walikuwapo kwa sababu walikuwa na ajira, basi.

Kosa jingine ni kununua vipindi na kudhani kwamba huko ni kusaidia uandishi wa habari. Shirika moja lilitulipa kwa kipindi cha nusu saa kila wiki kuhusu lishe ya watoto, kwa sharti la kukisikiliza kabla hakijarushwa, na siku moja likataka tuondoe sauti ya mama aliyelalamika kwamba zahanati ya kijijini kwake haikuwa na dawa. Niliiondoa. Sikuwalaumu wao peke yao wakati ule, wala sasa. Mji huu una historia ndefu ya jambo hilo, kwani mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Wajerumani, gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilitoka hapa hapa katika shule ya serikali, likiwapa wasomi wa Kiafrika nafasi ya kuandika, lakini gazeti lililolipiwa na serikali ya kikoloni halikuweza kuwa mahali pa kuishitaki serikali hiyo. Kwa hiyo kiandikwe kifungu katika mkataba kwamba mfadhili hatasikiliza wala kuidhinisha kipindi kabla hakijaenda hewani, na kituo kimtaje mlipaji hewani kila mara.

Kuhusu muda nitasema kidogo, kwa kuwa Januari 2025 imekwisha kusema mengi. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, miradi ilikatika katikati ya mwezi, na meneja aliyekuwa amemtegemea mfadhili mmoja hakuwa na pa kushika. Mfadhili mwema hulipia mhasibu na mtu wa kutafuta matangazo ya biashara katika mwaka wa kwanza, si katika miezi ya kuagana.

Machi 2024, kamati inayoshughulikia misaada ya maendeleo katika OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, ilipitisha kanuni za kusaidia vyombo vya habari, na miongoni mwake zimo kutoleta madhara, kuwapa wenyeji uongozi na wafadhili kushirikiana. Hiyo ya kushirikiana ndiyo ningeibandika ukutani. Mwaka mmoja tulikuwa na wafadhili watatu, kila mmoja na fomu yake ya ripoti, kalenda yake na namna yake ya marejesho ya fedha, yote kwa Kiingereza, na mhariri wangu bora akageuka karani kwa wiki nzima ya kila mwezi. Ripoti moja, kwa Kiswahili, isomwe na wote watatu: hilo halihitaji hata senti moja ya ziada.

Mkija kututembelea, picha za studio zinaweza kusubiri. Ombeni kwanza orodha ya mishahara, risiti za umeme wa LUKU za miezi mitatu, na daftari la makosa ambayo kituo kimeyasahihisha hewani. Letu lilikuwa la kijani, likikaa kando ya mashine ya kuchanganyia sauti. Kosa la mwisho nililoliandika humo kwa mkono wangu ni saa za maji kujaa na kupwa, ambazo tulisoma za siku iliyopita, na mvuvi wa Sahare akapiga simu kabla kipindi hakijaisha.