Spika ilipokata raundi ya sita

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, bondia anayeshinda kwa kukwepa anastahili heshima sawa na anayeangusha watu?", limenigusa pabaya. Jibu langu fupi ni kwamba anastahili, na anayebisha hajawahi kupigwa ngumi ya pua. Ila swali lenyewe naona limekaa upande. Mimi ningeuliza hivi: sisi tunaotoa hukumu baada ya pambano, tulikuwa tunaangalia au tunasikiliza?

Naongelea Jumapili ya tarehe 3 Mei 2015. Las Vegas ilikuwa bado Jumamosi usiku, Mayweather na Pacquiao ndio wanapanda ulingoni. Huku kwetu Temeke saa moja asubuhi imefika. Kibanda umiza cha mtaani kilijaa tangu saa kumi alfajiri. Kiingilio kilipandishwa hadi 2,000, mpira tulikuwa tunaingia kwa 500. Dirishani limetundikwa shuka jeusi ili jua lisiue picha, juu bati, chini mabenchi ya mbao ambayo hata kwa mpira wa kawaida hayaaminiki. Karibu kibanda kizima ni Pacquiao. Nilikaa na baba mdogo, aliyecheza ngumi za ridhaa ujanani na pua yake mpaka leo inaangalia kushoto.

Raundi ya nne Pacquiao alimpata kweli. Mkono wa kushoto ukaingia, Mayweather akarudi kwenye kamba akajifunika. Mimi nikajikuta nimesimama juu ya benchi, benchi likavunjika mguu, chai ya rangi ya jamaa wa mbele ikanimwagikia mapajani, na wala sikuisikia mpaka nilipofika nyumbani. Kuanzia hapo kila Pacquiao akirusha, kibanda kinalipuka. Watu wanahesabu kwa sauti: tatu! nne! tano!

Raundi ya sita spika ikakata. Mwenye kibanda akawa anahangaika na waya nyuma ya king'amuzi, watu wanamtukana, halafu taratibu matusi yakaisha tukabaki na picha tupu. Pacquiao amembana mwenzake kwenye kamba, anamwaga mfululizo, na Mayweather anatikisa kichwa kama mtu anayekataa kuongezewa wali. Hapo ndipo nikaona. Mengi ya makonde yale yalikuwa yanaishia kwenye glovu na kwenye viwiko, mengine yanapita hewani karibu na sikio.

"Mwanangu," baba mdogo akaniambia, "konde la kwenye glovu ndilo linalolia. Achana na mikono, angalia miguu."

Nikaangalia miguu. Watu wanapenda kusifia lile bega la kushoto la Mayweather analofichia kidevu, lakini siku ile bega halikuwa na kazi kubwa, maana Pacquiao ni mashoto na konde lake zito linatokea upande ambao bega halifiki. Alichokuwa anafanya ni kupiga nusu hatua nyuma, kuachia mkono wa kulia mmoja ulionyooka, kisha kumkumbatia mtu kabla hajajibu. Raundi nzima inakwenda hivyo. Ukiitazama kwa jicho la fundi unaona kazi kubwa, ila ukiwa umelipa 2,000 na chai imekumwagikia, unaona uhuni.

Spika ikarudi raundi ya saba, na mimi nikarudi kushangilia. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu, na bado zile kelele zikanibeba.

Majaji wakatoa pointi 118-110, 116-112 na 116-112, zote za Mayweather. Kibanda kikapiga kelele za wezi, wengine wakataka kiingilio chao. "Amekimbia raundi kumi na mbili!" Baadaye hesabu za makonde zikatoka: Mayweather alirusha 435, yakafika 148, Pacquiao alirusha 429, yakafika 81. Yaani huyo mkimbiaji ndiye aliyerusha mengi zaidi. Na tusiseme ni sisi wa kibandani tu. Mwaka 1993 pale San Antonio, Marekani, Pernell Whitaker, fundi mwingine wa kukwepa, alimchezea Julio César Chávez kama mtoto, ukumbi umejaa watu wa Chávez, na majaji wawili kati ya watatu wakaandika 115-115. Sare! Majaji nao wana masikio.

Wiki hii, kwa sababu yenu, nimelirudia lile pambano kwenye simu nikiwa nimezima sauti. Nimempa Mayweather 116-112 na sina wasiwasi, labda raundi moja ya katikati ningeweza kubishana na mtu. Lakini niseme kweli, kufika raundi ya tisa nilikuwa najibu meseji, na ya kumi na moja nimeihesabu kwa kukisia. Kwa hiyo heshima nampa, mkanda nampa. Wakikutana tena mabondia wawili wa namna ile saa moja asubuhi, nitalala, nitasoma matokeo nikiamka. Sijui kama hapo nimewajibu au nimejipinga mwenyewe.

Halafu lile benchi nililipa mimi, 5,000. Jumla pambano limenigharimu 7,000, kwa hiyo mnaposoma hukumu yangu mlizingatie na hilo.

Msomaji wenu, Temeke