Dirisha la Pembeni: kwa anayeanza kupiga picha mtaani Nairobi

Ukishika kamera ya Fujifilm ya jamii ya X-Pro kwa mara ya kwanza, kidole gumba chako kitalitafuta lile gurudumu la kuchagua namna ya kupiga, lenye herufi M, A, S na P, ulilolizoea kwenye kamera nyingine. Halipo. Juu kuna gurudumu la kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga uingie, namba zake zimechongwa zikaonekana wazi, na pembeni yake gurudumu dogo la kuongeza au kupunguza mwanga. Tundu la lenzi unalifungua na kulifunga kwa pete iliyo kwenye lenzi yenyewe. Pete ikikaa kwenye A, na kasi nayo ikikaa kwenye A, kamera inajiamulia yote mawili. Ukiitoa moja, hiyo unaiamua wewe. Kwa X-Pro2 na X-Pro3, ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, nayo imefichwa humo humo: unainua ukingo wa gurudumu la kasi, unazungusha, namba inabadilika kwenye kijidirisha chake.

Faida yake utaiona ukiwa umesimama Kencom unangoja kuvuka. Kamera ikiwa imezimwa, iko kifuani, unaitupia jicho tu na kujua imepangwaje. Mimi huweka tundu f/8 na kasi 1/500 ya sekunde mchana, ISO nikaiachia kamera, na sigusi tena mpaka nibadilishe upande wa barabara. Anayefungua menyu katikati ya barabara ya Tom Mboya amekwisha kukosa picha, na pengine kamera pia.

Umbo hili lina asili yake. Zamani za filamu kulikuwa na kamera za renjifainda, maarufu zaidi ikiwa Leica M3 ya 1954: dirisha la kutazamia liko pembeni, halipiti kwenye lenzi, na mpiga picha alizungusha lenzi mpaka taswira mbili zikalaliana zikawa moja. X-Pro1 ilipotangazwa Januari 2012 ilichukua umbo hilo, lakini ndani ni mashine nyingine kabisa: kamera ya dijitali isiyo na kioo cha kuakisi, inayojifokasi yenyewe. Kwa hiyo muuzaji akikwambia ni renjifainda, mwelewe kwamba anataja sura.

Kilichonifanya niipende ni dirisha lenyewe, kwa sababu ni madirisha mawili ndani ya moja. Mbele ya kamera kuna kijiti kidogo. Ukikisukuma kwa kidole cha kati, unaona mtaa kupitia kioo kitupu, na juu yake mistari myeupe inayokuonyesha picha itaishia wapi. Ukikisukuma tena, kioo kinazibwa na mahali pake panatokea skrini ndogo inayoonyesha kile hasa ambacho lenzi inakiona.

Kazi yako yote ya miezi ya mwanzo ni kujua lini utumie kipi.

Chukua jioni ya kawaida barabara ya Ronald Ngala. Makanga amening'inia mlangoni, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine unapiga bodi ya matatu. Ukiwa kwenye kioo, unamwona yeye ndani ya mistari, na nje ya mistari unamwona mwenye mkokoteni wa magunia akija kutoka kulia. Bado hajaingia kwenye picha. Unangoja. Gurudumu la mkokoteni linagusa mstari, unabonyeza. Kioo hakizimi hata kidogo unapobonyeza, kwa hiyo sura ya makanga wakati ule ule umeiona kwa jicho lako. Skrini isingekuonyesha mkokoteni mpaka uwe umeshaingia. Na kwa kuwa dirisha liko pembe ya kushoto, anayetumia jicho la kulia anabaki na la kushoto wazi, analinda mkoba wake na kuona pikipiki zinazopanda juu ya lami ya waenda kwa miguu. Anayetumia jicho la kushoto hapati hilo. Kamera itamfunika uso wote. Jaribu kabla hujanunua.

Lakini kioo kina mipaka, na niliijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwomba ruhusa fundi mmoja wa viatu karibu na City Market, pale Muindi Mbingu. Mzee alikuwa anashona soli, mkono mmoja umebana kiatu, mwingine umeuvuta uzi mpaka juu usawa wa sikio. Nikasogea karibu sana, kama hatua moja, nikapiga kwa kioo. Ndani ya mistari kila kitu kilikuwamo. Alipoomba kuona, alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Kijana, mkono wangu uko wapi?" Paji la uso lilikuwa limekatwa, na mkono wa uzi, uliokuwa kushoto, haukuwamo.

Sababu ni hii: dirisha liko juu na kushoto ya lenzi, kwa hiyo kwa mtu aliye karibu, vitu hivyo viwili havitazami mahali pamoja. Ukibonyeza kitufe nusu, kamera inafokasi na mistari inasogea chini kulia kurekebisha. Mimi nilibonyeza moja kwa moja. Mtu akiwa karibu, tumia skrini. Nilirudi Jumamosi, nikampiga tena kwa skrini, na wiki iliyofuata nikampelekea picha iliyochapishwa. Nawasihi mfanye hivyo kwa kila anayewapa muda wake.

Jambo la pili ambalo kioo hakikwambii ni mwanga. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na mwenye kofia anakuwa na kivuli cheusi mpaka mdomoni. Kamera nayo ikiona anga jeupe nyuma ya uso mweusi, inadhani mwanga umezidi na inaupunguza, kisha uso unazama. Kwenye kioo huoni kosa hilo. Kwenye skrini unaliona kabla hujabonyeza, unazungusha gurudumu dogo hadi +1, uso unarudi. Watu wetu wamepigwa picha vibaya kwa muda mrefu kwa uvivu wa mzunguko huo mmoja wa kidole. Julai, mawingu yakitanda siku nzima, mwanga huwa laini na ngozi yetu inang'aa vizuri sana. Ingia mtaani na kamera wakati huo, usingoje jua.

Kuhusu kununua, sitasema mengi. X-Pro1 ya mtumba yenye pikseli milioni 16 inatosha kujifunzia. X-Pro2 ya 2016 ina milioni 24, nafasi mbili za kadi, na imezibwa dhidi ya vumbi na mvua, ila ukifunga lenzi isiyozibwa ulinzi huo haupo. Lenzi ya 23mm f/2 au 35mm f/2 zote zimezibwa, tena ni nyembamba mbele, hazizibi pembe ya dirisha. Chagua moja, ukae nayo mwaka. Hakuna kitulizo cha mtikisiko ndani ya kamera hizi, hivyo giza likiingia usishuke chini ya 1/60 ovyo.

Dukani, zungusha kila gurudumu usikie kama linagota sawasawa. Sukuma kile kijiti cha mbele mara kumi. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya vumbi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, na umulike lenzi kwa tochi ya simu kutafuta ukungu wa ndani. Muuzaji akikuharakisha, rudisha kamera mezani.

Waliotengeneza X-Pro3 mwaka 2019 waliigeuza skrini ya nyuma ikatazama ndani. Ili kuiona lazima uifungue kwa chini. Wengi walilalamika. Mimi naona ni zoezi jema hata kwa asiye nayo: zima skrini ya nyuma, shuka Railways asubuhi, tembea mpaka Globe, piga picha 36 tu. Usitazame hata moja njiani. Ukifika nyumbani, kunywa chai kwanza, kisha andika kwenye karatasi zile unazokumbuka, ndipo uiwashe.